Pesa Mfukoni mwa Baba

Miaka ya 1970, ukiingia sebuleni kwa mfanyakazi wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba huku Katanga, kusini mwa Kongo, iwe mtaa wa Kamalondo, wa Kenya au wa Katuba, ulikuta picha ya kuchorwa ukutani. Wachoraji walipaka rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga, wakapita nyumba hadi nyumba wakiuza. Wengine walipenda mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. Wengine walimtaka Lumumba. Babu yangu alinunua picha ya enzi za Wabelgiji: mfungwa amelala chini, askari anamchapa kiboko, mzungu amesimama pembeni anaangalia. Wachoraji wa namna hiyo walikuwa wengi, na mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja kati ya 1973 na 1974.

Picha ya babu haikuwa na maelezo marefu. Mgeni alikuja, akapewa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akanyanyua macho, kisha akauliza: "Baba, huyu anayechapwa ni nani?" Hapo babu alivuta kiti. Alieleza alivyosikia yeye, mgeni akakatiza, akauliza tena, babu akarudi nyuma kidogo akaanza upya. Nikiwa mtoto niliisikia habari ile mara nyingi na haikuwahi kufanana, kwa sababu kila mgeni aliuliza la kwake.

Nayasema haya kwa kuwa ndiyo yaliyoniongoza siku nilipoombwa na vijana wa parokia yetu kueleza maisha yangu. Walikuwa wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanajiandaa kwa mtihani wa serikali, na kila mwezi walimwita mtu mzima mmoja aje kuzungumza nao. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Baadhi yao niliwafundisha. "Madamu," waliniambia, "tueleze maisha yako." Ombi kama hilo ni zito. Maisha ni mapana, na saa moja ya Jumamosi alasiri ni fupi.

Nilikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Kizazi changu kilipita katika miaka ambayo mji huu uliporomoka mbele ya macho yetu. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ilianguka. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 1991 ukaja uporaji wa maduka. Pesa ikafa: Oktoba 1993 zikaletwa zaire mpya (zaire ndiyo iliyokuwa pesa yetu wakati huo), na moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Viwanda vidogo na karakana zilizokula kupitia shaba zikafunga mlango mmoja baada ya mwingine. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya namna hiyo. Mshahara ulichelewa, ukakatwa, mwishowe haukuja kabisa, naye aliendelea kwenda kazini kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyemwambia asiende.

Kulikuwa pia na habari za Likasi, alikoishi shangazi yangu na ambako nilitumwa likizo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, rafiki yangu wa kule alikuwa miongoni mwa waliolala kituoni kungoja treni. Jambo hilo halijanitoka. Lakini nililiweka pembeni mapema, na sababu ni moja: mimi nilikuwa upande wa waliobaki. Rafiki yangu yupo hai, ana kinywa chake. Ningelieleza mimi, ningekuwa nazungumzia huruma yangu huku njaa ikiwa yake.

Kwa hiyo niliangalia nyumbani kwetu, na hata pale sikutaka kueleza kila kitu. Nilitafuta jambo moja ambalo lingeweza kuonekana, jambo ambalo mtu akilisikia analiona, na ambalo bila mimi kulisema lingepotea. Nililipata nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi wangu, pale lilipotundikwa koti la kijivu la baba.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Mama alikuwa ameanza kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita kama tisini, kuchukua unga wa mahindi. Mimi nilikaanga mikate alfajiri na kuiuza kando ya barabara kabla ya shule. Mwaka uliofuata, badala ya shule. Jioni nilimpa mama pesa. Aliihesabu karibu na koroboi, akatenga ya kununulia ngano na mafuta ya kesho. Iliyobaki aliikunja, akaingia chumbani, akaitia katika mfuko wa koti la baba. Asubuhi baba alivaa koti, akatoka sebuleni, akaingiza mkono mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kuko pesa ya bukari hapa. Mutume mutoto mu soko." Bukari ndiyo ugali wetu. Na mama alijibu: "Aksanti, baba."

Mtoto aliyetumwa sokoni mara nyingi nilikuwa mimi. Nilipokea kutoka mkononi mwa baba noti nilizompa mama usiku, nyingine bado zikinuka mafuta. Hakuna aliyetufundisha kunyamaza. Wadogo zangu wote walijua na wote walinyamaza.

Anayetaka kuelewa uzito wa mfuko ule lazima ajue mji huu ulivyomtengeneza mwanaume wake. Tangu miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, ilipoamua kuwaweka wafanyakazi mjini pamoja na wake zao badala ya kuwaleta na kuwarudisha vijijini, mwanaume alitambulika kwa kazi na posho. Unga uligawiwa kwa jina lake, kwa kuhesabu mke na watoto. Nyumba ilikuwa yake kwa sababu ya kazi, hospitali ilitupokea kwa sababu ya kazi yake. Kampuni nyingine ziliiga. Basi kazi ilipokufa, mshahara haukuondoka peke yake. Mtu aliamka asubuhi akiwa hajui atajiita nani mbele ya watoto wake. Mama yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alilijua hilo bila kuambiwa, akatafuta njia ya kumwachia mume wake sentensi moja ya kusema kila asubuhi.

Hilo ndilo nililotaka vijana walisikie. Wengi wao wana baba anayeshinda nyumbani na mama anayeshinda sokoni, na nimewasikia darasani wanavyowazungumzia baba zao. Sikutaka kuwapa mawaidha. Nilitaka waone koti.

Lakini koti halikuwa langu. Hapa ndipo nadhani watu wengi wanaosimulia maisha yao hupita haraka mno. Mkono uliokaanga mikate ulikuwa wangu. Aibu, kama ilikuwepo, ilikuwa ya mtu mwingine, naye anaishi nyumba ya pili kutoka kwangu. Nilikwenda kwa baba jioni moja, alikuwa uani anasikiliza habari kwenye redio yake ndogo. Nikamwambia ninachotaka kusema, na mbele ya nani. Nilimtajia koti waziwazi, jambo ambalo katika nyumba yetu lilikuwa halijawahi kutamkwa.

Alipunguza sauti ya redio. "Nilijua kama mulikuwa munajua," akasema.

Tulikaa. Kisha akatoa masharti, kwa utulivu wa fundi anayekupa vipimo. Niseme, lakini kwa Kiswahili. Niseme yeye akiwepo. Na nisiende kusemea redioni, kwa sababu siku chache kabla mtangazaji mmoja alikuwa amenialika na baba alikuwa amesikia. "Redio inaingia mu nyumba za batu benye sijue," alisema. "Bale hawataniuliza kintu."

Sentensi hiyo ilinirudisha sebuleni kwa babu. Mzee hakuogopa kusikiwa. Alichokataa ni kusemwa mahali ambapo hawezi kuulizwa, wala kujibu, wala kusahihisha. Tangu hapo kila njia iliyokuja akilini niliipima kwa swali hilo: je, anayesikia ataweza kuuliza, na je, mwenye habari atakuwepo kujibu?

Kuandika kwa Kifaransa ndiko kulikonijia kwa urahisi, maana ndiyo kazi yangu. Kungeweza kuwafikia watu wa mbali, labda hata jarida. Mama yangu asingekisoma. Hilo lilitosha.

Kuandika kwa Kiswahili kulinivuta zaidi, na kuna mfano katika mji huu ambao naupenda sana. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu, maboi na wapishi, waliandikiwa na mwenzao kijitabu kilichopigwa kwa mashine, kwa Kiswahili cha hapa hapa, kikieleza mji ulivyoanza na walivyoishi ndani yake. Hawakungoja profesa. Waliandika kwa jinsi walivyozungumza. Walichotaka kilikuwa kumbukumbu, kitu cha kubaki baada yao, na kwa shabaha hiyo maandishi yanafaa kuliko chochote. Shabaha yangu ilikuwa tofauti: nilikuwa na vijana walio hai na mzee aliye hai, na nilitaka wakutane. Hata hivyo niliandika ukurasa mmoja. Niliutumia kupanga tu, nikauacha nyumbani.

Vijana wenyewe walipendekeza mchezo. "Madamu, tuigize!" Wanawapenda waigizaji, na hawakosi urithi: kundi la Mufwankolo limewachekesha watu wa Lubumbashi kwa Kiswahili, redioni na kwenye televisheni, kwa vizazi viwili au zaidi. Kundi lile lilifanya kazi bila maandishi: walikubaliana njia ya mchezo, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mbele ya watu. Nililichukua funzo la kundi lile na kuliacha pendekezo la vijana. Watu wetu wakiona mchezo wanataka kucheka, na ni haki yao. Sikuweza kumkalisha baba yangu kwenye benchi amwangalie kijana wa miaka kumi na minane akiingiza mkono mfukoni huku ukumbi unacheka. Lakini namna ya kujiandaa niliiiga: nilishika mpangilio, si maneno. Kwanza mikate, pili koroboi, tatu koti, nne asubuhi. Basi. Mtu aliyekariri maneno hawezi kusimamishwa na swali, na mimi nilitaka kusimamishwa.

Likabaki swali la koti lenyewe. Lipo bado, mama amelihifadhi. Dada yangu mdogo alisema nilichukue, watu walione kwa macho. Nilifikiri usiku mzima. Kitu cha kushika mkononi kina nguvu kubwa. Picha ya babu ilinifundisha hivyo. Lakini picha ile ilikuwa ya mfungwa asiye na jina, na koti hili lina mwenyewe, tena angekuwa ameketi pale. Kulining'iniza mbele ya watu kungekuwa kumweka yeye juu ya msumari. Nililiacha.

Siku ile umeme ulikatika, kama kawaida yetu, kipaza sauti hakikufanya kazi. Nilishukuru. Niliwaomba vijana walete viti karibu, wakakaa duara, baba upande wa mlango, mama hakuja kwa kuwa alikuwa na biashara. Nilisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, si kile cha vitabuni, na nilisema kwa muda mfupi kuliko walivyotarajia. Nilipofika kwenye "Aksanti, baba," nilinyamaza. Sikueleza maana yake.

Swali la kwanza lilinijia mimi: kwa nini hukumchukia, wewe uliyeacha shule? Nikajibu kwamba nilikuwa na hasira na nilikuwa nayo kwa miaka, lakini haikuwa juu yake; ilikuwa juu ya asubuhi zenyewe, juu ya baridi ya Juni na moshi machoni. Shule niliirudia baadaye, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu darasani. Kijana aliitikia kwa kichwa, sidhani kama aliridhika.

Swali la pili lilimwendea baba. Msichana mmoja alisimama, akaweka mikono yake pamoja kwa heshima: "Baba, samahani. Ulipokuta pesa mfukoni, ulikuwa unafikiri nini?"

Baba hakuinuka. "Nilikuwa nahesabu," alisema. "Nikikuta kidogo, najua jana ilikuwa mubaya kwa mutoto. Siku ile simutume kazi. Simupigie makelele. Nikikuta mingi, njo naweza kumuuliza habari ya madaftari."

Miaka yote hiyo mimi nilidhani mfuko ule ulisema jambo moja tu, kutoka kwa mama kwenda kwa baba. Kumbe baba aliusoma kila asubuhi kama barua kutoka kwangu. Nilikumbuka siku ambazo nilirudi na sinia karibu limejaa, na yeye aliniita nikae karibu yake bila sababu. Hakuna ukurasa niliouandika ambao ungeleta jibu lile. Lilihitaji msichana mwenye adabu na ujasiri, na mzee aliyekubali kuwepo.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya kwa miaka mingi simulizi za maisha za wafanyakazi wa mji huu na familia zao, wakiwauliza na kuwasikiliza. Kazi yao naiheshimu zaidi sasa kuliko nilipoisoma nikiwa mwanafunzi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba nusu ya simulizi inakaa kwa anayeuliza.

Wadogo zangu wengine hawakuwepo: mmoja yuko Ndola, Zambia, mwingine Kinshasa. Kwao nilitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Sikurekodi yote mara moja. Niligawa vipande vifupi, kwa sababu mega, yaani bando la intaneti, ni ghali na kwa sababu watu wanasikiliza wakiwa ndani ya basi, sikio moja kwa simu na jingine kwa kondakta. Kila kipande nilikimaliza mahali ambapo mtu angetaka kusema neno. Sauti ina hili zuri: inabeba pumzi, na ndugu anayekujua anasikia pale ulipotaka kulia ukajizuia. Ina hatari pia. Inatumwa kwa mwingine kwa kidole kimoja, na baba alikuwa ameweka masharti. Kwa hiyo nilianza kipande cha kwanza kwa kuwaambia: hii ni ya watoto wa baba, isitoke.

Mdogo wangu wa Kinshasa alijibu usiku sana. Sauti yake ilikuwa chini, labda watoto walikuwa wamelala. Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi alipiga rangi viatu vya watu karibu na posta, na hakumpa mama zile pesa. Alizitia mwenyewe mfukoni mwa koti, mchana, wakati chumba hakina mtu. Hakumwambia yeyote. Alidhani ni yeye peke yake aliyegundua njia hiyo.

Nilimwomba ruhusa nimsikilizishe baba. Aliniambia ningoje mpaka aje mwenyewe Desemba.

Yule mtangazaji wa redio ameniuliza tena. Nimemwambia nitakuja kuzungumzia kuuza mikate, ninavyojua mimi, bei ya ngano na mafuta na wateja wa alfajiri, maana hayo ni yangu na niko tayari kuulizwa na yeyote atakayepiga simu. Koti halitakuwepo.

Mama, alipoelezwa yote, hakufurahi kama nilivyotumaini. Alisema nimeanzia katikati. Kabla ya mikate kulikuwa na Kasumbalesa, kulikuwa na usiku wa kulala juu ya magunia barabarani, na kulikuwa na mwanamke aliyemkopesha mtaji wa kwanza, ambaye mimi sikumtaja kwa sababu simjui. Nilitoa simu nimrekodi. Aliisukuma pembeni.

"Mie sitasema mu simu," alisema. "Na sitasema kwa batoto ba masomo. Hawajue kubeba unga."

Atasema kwa wenzake wa likelemba, wale mama wa sokoni wanaokutana Jumapili moja kwa mwezi kupeana mchango, kwa kuwa wao wanajua barabara ile na wanaweza kumkatiza akikosea bei. Niliomba kuwepo. Amekubali nibebe viti, na nikae nyuma.